Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Burnie, Tasmania
12 Mei 1994

Clarrie,

Anwani yako nimeipata kwa Ossie Radford, si kwako. Nilimpigia simu kwenye ile baa ya Zeehan anakoshinda, akanijibu, "Yupo, shemeji, yupo kwenye trela langu la kulala uani, anakunywa chai." Shemeji. Dunia nzima ni Ossie peke yake anayeniita hivyo, nami nilitupa jicho mlangoni kabla ya kumwitikia, kama kwamba kuna mtu anatega sikio.

Uliondoka Jumanne ya wiki jana bila hata kuniamsha. Umekunja pajama zako, umeosha kikombe, umekwenda. Dada yangu Verna anasema mwanamume anayefungasha haraka namna ile alikuwa amekwisha kufungasha moyoni siku nyingi. Nimemwambia anyamaze. Lakini nakuuliza wewe, kwa sababu Verna siwezi kumuuliza: ni hivyo?

Najua hukusikia yote yule binti wa ofisi ya pensheni aliyoyauliza. Ulikuwa jikoni na redio yako na sikio lako bovu. Basi nikueleze. Ni mtoto mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu, na aibu alikuwa nayo zaidi yangu. Kuna mtu amewapigia simu kwamba mimi na wewe tunaishi kama mume na mke na tunachukua msaada wa kodi ya nyumba kila mmoja kivyake. Akauliza nani anapika, nani anakufulia, kama kanisani tunakaa benchi moja. Kisha akasema, "Samahani sana, Bi Purtell, inabidi nitazame vyumba." Akaona kitanda cha chumba cha nyuma kimetandikwa kama cha hoteli, na juu yake madonge yangu ya sufu. Nikamwambia wewe ni mtu wa usafi. Akaandika.

Halafu akauliza, "Bwana Hanlon ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni mpangaji tu. Akiondoka kesho nitatafuta mwingine."

Ilibidi niseme hivyo, Clarrie. Tulikubaliana wenyewe, mezani, mwaka ule ulipohamia: wakituhesabu mke na mume, pensheni zetu zinakatwa na ule msaada wa kodi unabaki kiduchu, na Bwana Tatnell si mwenye nyumba wa kungoja. Ulicheka siku ile. Ulisema tutakuwa maharusi wa kujificha.

Niandikie.

Noeline


Zeehan
19 Mei 1994

Bi Mwenye Nyumba,

Usinune kwa salamu hiyo, ni mimi yuleyule.

Nilikuacha umelala kwa sababu ungeamka ungenizuia, nami ningezuilika. Hayo mengine ya Verna ni ya Verna. Yule binti ana kalamu na kalamu yake haijaisha wino. Atarudi. Akirudi akanikuta nimevaa soksi ulizofuma wewe, nakula viazi ulivyochemsha wewe, atatukata wote wawili na Tatnell atakutupa nje wewe na vyombo vyako. Akinikosa, hana la kuuliza. Wacha watulie, nitarudi.

Trela la Ossie ni zuri. Kuna hita. Kuna dirisha linalotazama mlima, ingawa mlima wenyewe sijauona kwa mvua. Ossie anakaanga nyama ya kondoo mpaka inakuwa soli ya kiatu, kisha ananiuliza kama nimeshiba. Namwambia nimeshiba tangu nilipoiona.

Na nilisikia, Noeline. Sikio langu bovu siku ile lilikuwa upande wa redio. Ulisema vizuri sana. Sikujua una kipaji hicho. Hata mimi niliyekuwa nimeshika sufuria yako niliamini kidogo.

Usije huku. Mji huu ni mdogo na watu wana macho.

Clarrie


Burnie
3 Juni 1994

Mpendwa Clarrie,

Habari njema. Wameniandikia kutoka ofisini kwamba nimeonekana naishi peke yangu na msaada wangu wa kodi unaendelea kama kawaida. Wameongeza kwamba hali ya nyumba ikibadilika niwaarifu. Hali ya nyumba ni wewe.

Habari nyingine ni kwamba chumba cha nyuma nimekipangisha. Anaitwa Lindsay Oates, anaendesha lori la magogo. Huyu ni mpangaji kweli, mwenye mswaki wake na mlango wa kufunga. Anakula kama mtu aliyefungiwa. Nilipika pai ya kombe za baharini yenye bizari, ile yako, akamaliza nusu akiwa bado kavaa koti. Vitu vyako nimevihifadhi gereji, nimevifunika turubai, havitalowa. Kile kiti cha dirishani anakipenda sana, anakaa hapo kusikiliza mpira.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi nami. Nyumba ina mtu, ina kelele. Wewe kaa huko upumzike mpaka wasahau.

Unavaa ile sweta nzito?

Noeline


Zeehan
14 Juni 1994

Mpendwa Noeline,

Barua imefika. Nimefurahi kwamba chumba hakikai bure. Ulimwambia yule binti utatafuta mwingine, na wewe ni mtu wa neno lako.

Mwambie Bwana Oates asiegemee sana mkono wa kushoto wa kile kiti, niliugundisha tu.

Mimi sijambo. Kifua kimenibana kidogo, ni unyevu wa huku. Ossie amenizoea na sina haraka ya kurudi. Vitu vya gereji visikusumbue. Kama vinabana nafasi, wape kanisa.

Clarrie Hanlon


Burnie
26 Juni 1994

Clarrie,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, kisha nikaingia ndani nikaisoma na koti mwilini. Umenitilia sahihi na jina la ukoo. Hata bwana wa benki siku hizi ananiandikia kwa jina moja.

Basi sikiliza, maana naona nimekudanganya vizuri mpaka nimejidanganya mwenyewe. Wiki ileile uliyoondoka Tatnell alipandisha kodi. Sehemu yako haikuwepo tena na msaada peke yake haufiki hata karibu. Nimekata simu. Nimeacha kuwasha moto kabla ya jua kuzama. Oates nilimchukua kwa sababu alikuwa na pesa mkononi, na kama angekuja fisi na pesa mkononi ningempa chumba. Sikukuambia kwa sababu najua ungerudi mbio, na wangetukamata. Nikakuandikia upuuzi wa pai na mpira ili ulale usingizi. Sasa naona ulichosoma ni kwamba nimekusahau.

Unajua juzi alifanya nini? Aliniletea nguo zake zilizojaa matope akasema, "Asante, mama mwenye nyumba." Hakukosea. Ndiyo kazi yangu. Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asisikie.

Mimi nina miaka sitini na minane, Clarrie. Nimemzika mume mmoja nikidhani biashara hiyo imekwisha, ukaja wewe na sanduku lako la vifaa kurekebisha mfereji ukasahau kuondoka. Sikufikishwa umri huu ili nimkane mtu mbele ya mtoto mwenye kalamu.

Rudi. Nimemwambia Oates atoke mwisho wa wiki. Tutakwenda ofisini pamoja, tutasema sisi ni mke na mume, wakate wanachotaka kukata. Nyumba tutamwachia Tatnell. Verna ameniambia kuna chumba nyuma ya duka la nyama, kidogo, lakini tutakimudu. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na anayetaka kuja kutazama aje atazame.

Panda basi la Jumatatu, tarehe nne. Nitakuwa kituoni. Nitakushika mkono barabarani mchana kweupe, mke wa mfamasia na umbea wake akitaka aanguke.

Usiniandikie. Njoo tu.

Noeline wako


Zeehan
9 Julai 1994

Shemeji Noeline,

Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe. Nimejaribu kukupigia, wanasema simu yako imekatwa.

Clarrie amefariki Alhamisi. Mimi nimejua jana. Nilipiga simu hospitalini kuuliza hali yake, ndipo wakaniambia. Nilidhani upo naye, maana alipelekwa huko huko kwenu Burnie. Kisha usiku kucha nikawa najiuliza kama kweli kuna aliyekuambia. Ndiyo maana naandika.

Sitaki ujue mambo nusu nusu. Trela lile halina joto. Hita ipo lakini haijawaka tangu mke wangu yuko hai. Nilimwambia Clarrie aje alale sofani kwangu, akasema anakoroma, hataki kunibana. Nilimwambia akuandikie, akasema una mambo mengi. Alikuwa anakohoa tangu mwanzo wa Juni. Alipopata ile barua ya mpangaji mpya akawa anakaa na koti anatazama mvua. Nilitaka nikupigie, akaniambia nikifanya hivyo hatutazungumza tena. Mwanamume mkaidi yule.

Barua yako ya mwisho ilifika Alhamisi ya wiki ile nyingine. Aliisoma pale dirishani, akairudia. Halafu akaja kwangu na shati lake, akalifua kwenye sinki langu, akalianika juu ya jiko. Nikamuuliza, "Kuna harusi?" Akasema, "Naenda kwa mke wangu, Ossie, nataka niende nikiwa msafi." Miaka yote nimejua habari zenu, lakini sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Alilitamka polepole hivi, kama mtu anayejaribu kiatu.

Jumapili asubuhi nikaenda na chai nikamkuta hawezi kuinuka. Midomo ya bluu. Nimonia, ndivyo walivyosema wa gari la wagonjwa. Kijana mmoja wao akauliza, nani ndugu wa kuarifiwa. Clarrie akamtaja mwanawe Darryl wa Perth, ambaye mimi simjui kwa sura. Nikamwambia, "Mtaje Noeline, wewe." Akanishika mkono, na nguvu zilikuwa zimebaki. Akasema, "Usimtaje. Wakiandika jina lake kwenye karatasi, wale wa ofisi watalisoma, watamnyang'anya msaada. Wacha nipone, nitakwenda naye mwenyewe tuwaeleze."

Basi sikukutaja. Nilidhani atapona. Alikuwa bado anatania, alimwambia yule kijana asiende kasi kwenye kona, asije akauawa njiani kwenda kutibiwa.

Shati lake ninalo hapa. Nitakuletea barabara ikikauka.

Ossie Radford


Perth, Australia Magharibi
20 Julai 1994

Bi N. Purtell,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni Darryl, mtoto wa marehemu Clarence Hanlon. Anwani yako nimeipata kwenye karatasi za pensheni yake, ambako umeandikwa kuwa ndiwe mwenye nyumba wake.

Huenda umeshapata habari kwamba baba alifariki tarehe saba. Nilipigiwa simu kazini. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa. Nilikaa huko siku chache tu kwa sababu ya kazi. Tulimchoma tarehe kumi na mbili, mimi na mchungaji wa hospitali, kwa kuwa hakuna mtu mwingine niliyemjua wa kumwita. Majivu nimekuja nayo huku.

Hospitalini waliniambia baadaye kwa simu kwamba mwanamke aliyempangisha chumba alikwenda kumuulizia. Nadhani ni wewe. Nakushukuru. Si wenye nyumba wote wangejisumbua.

Nina mambo mawili ya kukuomba. Kama kuna vitu vyake vilivyobaki kwako, tafadhali vitie kwenye sanduku uniletee kwa posta, gharama nitalipa. Na kama aliondoka na deni la kodi, niambie ni kiasi gani. Sipendi baba aache deni kwa mtu.

Mimi na yeye hatukuzungumza kwa miaka mingi. Lilikuwa jambo la kijinga na sasa halina maana. Sijui aliishije huko. Natumaini hakuwa mpweke sana.

Wako,
Darryl Hanlon


Burnie
3 Agosti 1994

Mpendwa Darryl,

Pole kwa kufiwa na baba yako. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara naanza na "Mimi ni mwenye nyumba", halafu nachana. Sasa naandika moja kwa moja.

Sikuwa mwenye nyumba wake. Nilikuwa mke wake. Hatukuandikishwa popote, kwa sababu tungeandikishwa tungepunguziwa pensheni na msaada wa kodi, na tusingeweza kubaki kwenye nyumba. Basi tulikuwa mke na mume ndani, na nje tulikuwa mwenye nyumba na mpangaji wake. Miaka sita. Kitanda cha chumba cha nyuma hakuna aliyekilalia ila paka. Mwezi wa tano ofisi ilituma mtu, nikamwambia baba yako si kitu kwangu, naye akasikia. Akaondoka ili mimi nisipoteze nyumba. Alikwenda kukaa kwenye trela lenye baridi, akaniandikia kwamba lina joto. Nami nikamwandikia kwamba mambo yangu ni mazuri. Hayo ndiyo yaliyomuua, pamoja na kifua.

Barua ya Ossie, rafiki yake, niliipata tarehe kumi na mbili mchana. Nilikwenda hospitali kwa miguu, na aproni chini ya koti. Kumbe saa zile wewe ulikuwa na mchungaji. Mama wa mapokezi, mtu mpole, akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake?"

Nikasema, "Hapana. Alipanga chumba kwangu."

Hakuna aliyenilazimisha, Darryl. Ofisi haikuwepo pale. Alikuwa amekwisha kufa, hakuna wa kumlinda wala cha kupoteza. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyosema hajambo. Yule mama akasema kwa masikitiko kwamba basi hawezi kunieleza zaidi, nikamshukuru nikatoka. Nilifika mpaka kwenye geti, nikakaa kwenye ukingo wa maua, mlinzi akaniletea maji. Kama ningemjibu vingine, labda angeniambia uko mjini, na mazishi yake ningeyawahi. Hilo nitakaa nalo.

Siku ya pili nilikwenda ofisini. Nikamkuta binti yuleyule. Nikamwambia nimekuja kubadilisha maneno yangu, kwamba Clarence Hanlon alikuwa mume wangu. Akaangalia kwenye mashine yake, akaona. Akaweka kalamu chini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Purtell, amefariki. Hakuna atakayeuliza tena. Nenda nyumbani."

Nikamwambia, "Andika."

Akasema, "Utatakiwa kurudisha pesa ulizolipwa."

Nikamwambia, "Najua. Andika, mwanangu, nami nitazame unavyoandika."

Akaandika. Alikuwa analia, maskini, na mimi silii, nimenyoosha shingo kuhakikisha amepatia jina. Sasa wanakata kidogo kwenye pensheni kila inapoingia. Nyumba nimemrudishia Tatnell. Naishi kwa dada yangu Verna, kwenye kile chumba alichokuwa akishonea. Hajasema neno baya hata moja tangu nihamie, jambo ambalo si la kawaida yake, na linanitia huzuni zaidi.

Umeuliza deni. Hana deni na mtu yeyote hapa.

Vitu vyake nakuletea: vifaa vyake vya bomba, saa, redio, kofia, na picha yako ukiwa na baiskeli. Hiyo picha ilikuwa ukutani kwetu upande wake wa kitanda, si mimi niliyeiweka. Alikuwa anasema atakupigia Krismasi, kisha Krismasi inapita. Nimebakiza shati moja. Nadhani hutanidai.

Umeandika pia kwamba unatumaini hakuwa mpweke. Ningependa kukujibu kwa neno moja tu la kukufariji, lakini nimekwisha kusema uongo wa kutosha. Kwangu hakuwa mpweke. Alikuwa anaimba akinyoa ndevu, vibaya, na ukimwambia anyamaze anaongeza sauti. Alikuwa anapasha moto miguu yake kwangu bila ruhusa. Lakini zile siku za mwisho alikuwa mpweke, alijifanya mpweke kwa ajili yangu. Na Jumatatu ile nilisimama kituoni mpaka basi likageuza, nikarudi nyumbani kwa hasira. Yeye alikuwa amelala pale juu ya kilima, paa la hospitali naliona kutoka dirisha la jikoni. Na mimi nilikuwa chini, wiki nzima, namenya viazi, nimemnunia kwa kuwa hakushuka kwenye basi.

Noeline